Kikebe Kilichoanguka Kitomanga

Jumanne, tarehe tisa Mei mwaka 1950, mwezi wa Rajabu ukielekea ukingoni, nilifiwa na mke wangu nyumbani kwetu Mtanda, Lindi. Alikuwa na homa tangu Ijumaa. Alikata roho jua limeshapanda, mlango wa uani uko wazi, na jirani yetu alikuwa anatwanga. Nakumbuka nilingoja jirani amalize kutwanga ndipo nikatoka kumwambia. Sijui kwa nini nilingoja.

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo nitaeleza kama yalivyotokea.

Wakati huo nilikuwa kibarua kwenye uwanja wa ndege wa Lindi, ingawa ndege zenyewe hazikunihusu. Mwisho wa uwanja kulikuwa na banda la mabati, na humo alifanya kazi Mzungu mmoja aliyetumwa na maabara ya taifa lao, maabara inayochunguza mambo ya ndege na anga. Alikuja kwa msimu mmoja. Ndege mpya za kwao zilikuwa zinaruka juu kuliko za zamani, na wakubwa wake walitaka kujua huko juu, katika nchi za joto kama yetu, hewa ikoje: baridi kiasi gani, upepo unatoka wapi. Hawakutaka kupeleka watu kabla ya kujua, basi walipeleka puto.

Kazi yangu ilikuwa kujaza puto. Mpira wake ulikuwa mwembamba, ukiugusa kwa kucha umekwisha. Nilikata kucha kila asubuhi, nikanawa mikono, nikaipaka poda ili jasho lisishike. Gesi ilitoka kwenye mtungi mkubwa wa chuma, nikiifungulia polepole, maana ukiharakisha mpira unachanika ungali mdogo. Puto likishajaa linanizidi urefu. Chini yake tulifunga mwavuli wa kitambaa, na chini ya mwavuli kikebe chepesi cha madini meupe ambacho unaweza kukishika kwa mkono mmoja. Ndani ya kikebe mlikuwa na sindano iliyokuwa ikikwaruza kisahani kidogo kama stempu. Mikwaruzo ile ndiyo iliyomwonyesha bwana baridi na kimo. Puto likifika juu sana linapasuka, mwavuli unafunguka, kikebe kinashuka taratibu popote upepo ulipokipeleka. Kisipookotwa, kazi yote ni bure. Kwa hiyo kila kikebe kilifungiwa karatasi ya Kiswahili iliyomwomba atakayekiokota akipeleke kwa ofisa wa serikali aliye karibu, naye atapewa zawadi.

Bwana aliniambia kwamba juu ya Lindi, mbali sana juu, kuna baridi kupita barafu, kupita hata baridi iliyo juu ya nchi yao. Nilimpelekea mke wangu habari hiyo akiwa anakuna nazi.

"Baridi? Hapa Lindi?" Aliacha kukuna. "Na bwana wako akikwambia kuna samaki juu ya mnazi utapanda?"

"Amepima."

"Basi mwambie aifungulie ituteremkie kidogo. Jana mtoto hakulala kwa joto."

Mtoto wetu alikuwa mmoja, wa kike, ndiyo kwanza ameanza kutumwa kwa jirani na kurudi na kitu alichotumwa.

Miavuli iliyokuja na bwana ilikuwa ya hariri, na panya wa banda lile waliila yote. Bwana akaniuliza kama kuna fundi wa kushona mjini. Nikamwambia yupo kwangu. Mke wangu akaishona upya kwa kitambaa cha bendera, kile chekundu cha madukani, kwa mkono, jioni, akiwa amenyoosha miguu kwenye mkeka. Alishona kama mama yake alivyomfundisha kwao Kitomanga: sindano inakwenda mbele kisha inarudi nusu nyuma, na kila pembe inafungwa mafundo mawili, la pili limekaa ndani ya la kwanza. Nilimwambia bwana hana haja na mafundo.

"Bwana hana haja, mimi ninayo. Sitaki kitu changu kifumuke mbele ya watu."

"Huko juu hakuna watu."

"Si umesema kinashuka?"

Sasa nieleze jambo la ndoa yetu, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mimi ni mtu wa Lindi, na baba wa baba yangu alizikwa Lindi. Mke wangu alikuwa Mmwera. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kwetu mtoto hukaa kwa baba. Siku nilipokwenda kuposa, kaka yake, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba yao, alisema mbele ya watu wote:

"Watoto wakae kwenu, wasome chuo cha Kurani, sina neno. Lakini dada yangu akifa, nipate habari kabla ya udongo. Nikipata habari nikachelewa njiani, hiyo ni bahati yangu mbaya. Mkimfukia sina habari, kama mtu asiye na kwao, basi watoto wanarudi nyumbani."

Mwalimu wa chuo chetu, aliyekwenda kuniposea, aliitikia. Nami niliitikia. Lilikuwa neno la mbali, mke mwenyewe sijampata bado.

Jumatatu, siku moja kabla, mke wangu alikuwa na homa lakini anazungumza. Nilikwenda kazini. Mvua za masika zilikuwa hazijakwisha, ila asubuhi ile palikuwa peupe na upepo wa kusi ulikuwa umeanza. Tuliachia puto. Mwavuli ulikuwa mmoja wa ile aliyoimaliza kabla homa haijamlaza. Bwana aliinama kwenye darubini ya miguu mitatu akinitajia namba, mimi nikiandika ubaoni, mpaka puto likaingia kwenye wingu upande wa kaskazini. Niliporudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba limekwenda upande wa kwao.

Akaniuliza, "Mwavuli ulifunguka?"

Nikamwambia haijulikani mpaka kiokotwe.

Hayo ndiyo mazungumzo ya mwisho ninayoyakumbuka vizuri. Baada ya hapo aliomba maji, na usiku maneno yake hayakueleweka.

Jumanne, alipokwisha kufariki, watu walijaa. Nilitafuta lori linalokwenda kaskazini nikalipata moja la mfanyabiashara wa korosho, nikamwomba dereva apitishe habari Kitomanga kwa shemeji yangu. Dereva aliangalia mawingu. "Barabara imekatika kule mbele," akasema, "lakini nitajaribu." Nilirudi nikamwambia mwalimu tungoje mpaka kesho.

Mwalimu alinishika mkono. "Maiti hangojewi, mwanangu. Na joto hili unaliona. Tutamweleza, ni mtu mzima, ataelewa."

Tulimzika baada ya Alasiri. Kaburini nilimtazama sana mmoja wa wachimbaji, ambaye shati lake lilikuwa halina kifungo cha katikati, na kila akiinama tumbo lilionekana. Hicho ndicho nilichokiona. Watu walinishika mabega na kusema yale yanayosemwa, nikaitikia yale yanayoitikiwa.

Siku za matanga nilikaa barazani kwenye mkeka pamoja na wanaume. Wanawake walikuwa ndani na dada yangu, aliyekuja kukaa nasi na ambaye mtoto alikuwa analala kwake. Sikulia. Nilikuwa nasikia njaa saa zile zile za kila siku, nakula, nanawa. Dada yangu alinichungulia mara kadhaa kutoka mlangoni kama mtu anayeangalia sufuria.

Siku ya pili alikuja mtani wa ukoo wa mke wangu, mwanamke anayeuza vitumbua karibu na soko. Watani kwenye msiba hawana adabu, na hiyo ndiyo kazi yao. Aliingia amejifunga kanga ya marehemu aliyoitoa kwenye kamba uani, na kichwani ameweka ungo.

"Wanaume, simameni! Mke mpya amefika. Wapi funguo za kabati?"

Watu wakaanza kucheka. Akaja mpaka mbele yangu, akakunja ngumi akaiweka jichoni kama darubini, akatazama dari.

"Bwana! Naona! Naona nyumba haina chumvi! Andika!" Kisha akaniinamia. "Mbona shemeji kanyamaza hivi? Gesi imekwisha mtungini? Mjazeni, mjazeni, ila polepole, atachanika!"

Baraza zima likacheka, hata mwalimu alificha mdomo. Nilijua kwamba ni maneno ya kuchekesha. Nilitoa sarafu nikampa, kama desturi, ili arudishe kanga. Alipoipokea alinitazama bila mzaha, kisha akaenda jikoni akasugua masufuria mpaka jioni.

Siku ya tatu, Alhamisi, ilikuwa siku ya kuondoa tanga. Khitma ilikuwa imekwisha na watu wanakula pilau, akafika shemeji yangu. Matope yalimfika magotini. Mgongoni alikuwa na mfuko wa ukindu. Alitoa salamu, akanawa, akakataa chakula. Mtoto alitoka ndani mbio.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama." Akamweka pajani. Kwao humwita mtoto wa dada yao mama.

Dada yangu alisimama nyuma ya pazia la mlango. Miguu yake ilionekana chini ya pazia. Kila mzee alijua neno lililosemwa siku ya posa. Mwalimu alikohoa, akaanza kueleza habari za lori na barabara. Shemeji yangu akainua mkono.

"Mwalimu, usijisumbue. Lori nililikuta ng'ambo ya mto limezama mpaka ekseli, na utingo ndiye aliyenipa pole. Lakini mimi habari nilikwisha kuipata. Nisingekuwa njiani vinginevyo."

"Uliipata wapi?" mwalimu akauliza.

Shemeji yangu alimweka mtoto kando, akafungua mfuko. Akatoa kikebe. Kilikuwa kimebonyea upande mmoja. Karatasi yake ilikuwa imelowa na kuwa uji mkavu, halisomeki neno hata moja. Mwavuli ulikuwa umekunjwa vizuri kama kitambaa cha kichwani. Akaufungua kwenye mkeka, mwekundu, na akaweka kidole kwenye pembe.

"Jumanne asubuhi nilikwenda kwenye mihogo yangu nikakuta hiki. Mke wangu akasema tusikiguse, ni cha Wazungu. Nikaona mshono. Nikaona fundo ndani ya fundo. Nani mwingine anafunga hivi? Mama yetu amekufa. Nikawaambia nyumbani, dada yangu ananiita, na haitwi mtu kwa kitambaa chekundu kwa jambo jema. Nikafunga safari siku ile ile, jua halijasimama utosini." Akanigeukia. "Shemeji yangu anafanya kazi ya kupeleka vitu juu. Aliona barabara haipitiki, akanitumia kwa njia yake. Hata mimi nisiyesoma niliipata. Kwa hiyo mimi sina neno. Nilipata habari kabla ya udongo. Njia ndiyo iliyonichelewesha."

Wazee walipumua. Mmoja akasema, "Mambo ya Mungu haya." Mwalimu akaanza kuomba dua ya shukrani, kidogo kidogo, mikono imeinuka. Mtani alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na sinia la vyombo, akasema, "Afadhali, nilikuwa nimeshafunga nguo za mtoto," na watu wakacheka, kicheko cha watu waliotua mzigo.

Shemeji yangu hakucheka. Alikuwa bado ananitazama.

"Sema basi, shemeji, watu wasikie kwako. Ni wewe uliyekituma?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ni kweli kwamba mimi ndiye niliyekiachia. Miguu ya dada yangu chini ya pazia ilisogea. Mwalimu, mikono yake ikiwa bado imeinuka, alinitikisia kichwa, kidogo sana, kutoka juu kwenda chini.

Watu wamenisifu kwa jibu langu, na wengine wamenilaumu kwalo. Mimi siwezi kupokea lolote kati ya hayo. Niliulizwa jambo nililolijua, nikajibu. Kutunga kunahitaji mtu awe na kitu ndani, na mimi wakati ule sikuwa nacho.

"Niliachia mimi," nikasema, "lakini Jumatatu. Alikuwa hai. Alikuwa anazungumza."

"Jumatatu."

"Ni puto la kazi. Tunaachia kila siku isiyokuwa na mvua. Upepo ndio uliolileta kwako. Lingeweza kuanguka Kilwa."

"Na mshono?"

"Mshono ni wake. Aliishona miavuli yote, kwa ajili ya Mzungu. Huo ulikuwa kati ya ile."

"Hakukuwa na salamu."

"Hakukuwa na salamu. Salamu zako nilimpa dereva wa lori."

Mwalimu alishusha mikono. Sinia lilisikika likiwekwa chini. Shemeji yangu alikikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Basi mlipomfukia sikuwa na habari."

"Hukuwa na habari."

Mtoto alikuwa amechukua kikebe anakitikisa sikioni ili asikie kilichomo. Nikamwambia akiweke chini, kina kisahani ndani.

"Nilisema neno mbele ya hawa hawa," shemeji yangu akasema, naye hakusema kwa hasira. "Nikilirudisha leo, kesho nikisema jingine nani atanisikia? Kule nyumbani wanangoja niseme nimekuta nini."

"Najua."

"Ningelala na uongo wako, shemeji. Ningelala vizuri tu."

"Najua."

Dada yangu alitoka nyuma ya pazia mbele ya wanaume wote, kichwa wazi. "Mdogo wangu, una nini wewe? Una nini?" Nilitaka kumjibu. Mtani alimshika kiuno akamrudisha ndani, na safari hii hakutania.

Wazee walizungumza mpaka Magharibi. Mwalimu alisema sheria ya dini inamwachia nani mtoto wa kike mdogo aliyefiwa na mama, na kwamba hata huko upande wa mama unatangulia, ingawa bibi yake alikuwa hayupo tena. Walikubaliana akae Kitomanga kwa mjomba mpaka avunje ungo, kisha waseme tena. Mimi nilipoulizwa nilisema nilikwisha kuitikia siku ya posa.

Ijumaa nilikipeleka kikebe uwanjani. Bwana alikuwa amesikia msiba, akanipa mkono na kusema pole kwa Kiswahili, kisha akakiona nilichoshika na uso ukabadilika. Alikifungua mezani kwa koleo ndogo. Akakiweka kisahani chini ya kioo cha kukuzia, akainama. Alipoinuka alikuwa mwekundu kwa furaha.

"Kimefika juu kuliko vyote," akasema. "Baridi ile niliyokwambia, hii hapa. Tazama."

Nilitazama. Kulikuwa na mstari mwembamba uliokwenda pembeni, ukafika mahali ukapinda, ukarudi. Akaniuliza mwavuli uko wapi, maana alitaka kuona kama ulichanika. Nikamwambia amebaki nao kaka wa marehemu, na kwamba ulifunguka. Akaandika kwamba ulifunguka.

Jumamosi lori lile lile, lililokuwa limenasuliwa na kurudi mjini, lilikuwa linakwenda tena kaskazini, maana mto ulikuwa umepungua. Dada yangu hakutoka nyumbani. Mtani ndiye aliyeleta nguo za mtoto, zimefungwa kwenye ile kanga niliyoikomboa, na vitumbua vya njiani kwenye jani la mgomba. Shemeji yangu alikuwa amempandisha mtoto juu ya magunia na kumfunga kichwani kile kitambaa chekundu kwa ajili ya jua. Pembe moja ilining'inia usoni kwake, yenye fundo.

"Baada ya mavuno ya mtama uje," shemeji yangu akaniambia. "Nyumba ni yako."

"Inshallah."

Mtoto alikuwa anakula kitumbua. "Baba, leo puto linakwenda wapi?"

Nikatazama minazi. "Kitomanga. Upepo ni ule ule."

"Nitaliona?"

"Kukiwa hakuna wingu."

Utingo akagonga bati, lori likaondoka. Mtani alisimama nami mpaka lori likapotea machoni, kisha akasema ana unga uliokwisha kuumuka, akaenda zake. Nilitembea mpaka uwanjani. Bwana alikuwa ameshautoa mpira kwenye sanduku lake. Nilinawa mikono, nikaipaka poda, nikashika shingo ya puto, na yeye akafungua mtungi.